Fundi Vioo Alirudi Nyuma

Wewe unayesoma, ulishawahi kumpenda mtu kwa sababu hasemi? Binti yangu alimpenda. Tena alinieleza mwenyewe, huku anapiga pasi shati la mteja, na televisheni ndogo ya pale dukani kwa dobi inaonyesha tamthilia yake ya mchana. Kwenye tamthilia ile kulikuwa na mwanamume mrefu, uso mkavu, hacheki wala halii, akiulizwa jambo la moyoni anageukia dirishani. Wanawake wote wa mle ndani walikuwa wanamgombania yeye.

"Mama, unamwona huyu?" binti yangu akasema, pasi ikiwa juu. "Huyu ana kidonda rohoni. Ngoja mwisho, utaona atakavyolia."

"Na asipolia?"

"Lazima alie. Ndivyo wanavyotungwa."

Kweli, mwisho ulipofika yule bwana alikimbia nyuma ya gari lililombeba mkewe, analia kama mtoto, viatu vimemtoka. Binti yangu aliunguza kola ya shati kwa kutazama.

Haukupita muda fundi vioo akaja pale dukani kubadilisha kioo cha mbele kilichopigwa jiwe. Alipima, akaandika vipimo kwa penseli kwenye kiganja chake, akasema "kesho", akaondoka. Jioni binti yangu akanipigia simu.

"Mama, nimempata mtu."

"Kasema nini?"

"Kasema 'kesho'."

"Kesho nini?"

"Kesho tu, mama. Basi."

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Lakini waliooana ni wao, si mimi, na sikumwona kijana na kasoro yoyote ya kunifanya nipinge. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali. Ndoo yangu ya maji aliibeba kabla sijaomba. Nikiumwa goti, dawa ya kuchua niliikuta mlangoni, kifuniko kimelegezwa tayari kwa sababu alijua vidole vyangu havina nguvu. Ila hakuuliza goti linaendeleaje. Mtaani walimsifu kwamba ana kifua, ukimpa siri imefika kaburini. Dada yake mkubwa, msusi, tulimwita Redio kwa kuwa hazimiki. Yeye alikuwa akisema, "Mimi na huyu mdogo wangu mngetuchanganya kwenye sufuria moja mkatugawa upya, mngepata watu wawili wenye akili timamu."

Mjukuu wangu alipozaliwa nikahamia kwao kusaidia kulea. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, nyuma yake vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Mtoto tulimwita Mwenyekiti. Hata meno hayajatimia alikuwa anaamuru watu: kaa, simama, lete, kula. Baba yake alimtii kuliko sisi wote. Akiambiwa akae anakaa, na almasi yake mkononi.

Almasi ndicho kikatio chao, kigurudumu kidogo kwenye mpini, wanakichovya kwenye kopo la mafuta ya taa. Mabamba ya kioo yalisimama yameegemea fremu za mbao, kati ya kila bamba kipande cha gazeti yasisuguane. Meza ya kukatia ilifunikwa zulia kuukuu. Mkwe wangu alilaza bamba, akaweka rula, akavuta mstari mara moja tu, harudii. Kisha akabana ukingoni kwa vidole, kioo kikatoa sauti nyembamba na kuachana pale pale alipotaka. Nilipenda kumtazama. Nilikuwa nikikaa mlangoni, kati ya karakana na vyumba, na ungo wangu wa maharage.

Sheria ya kazi yao ilikuwa moja, na alitufundisha wote nyumbani, hata wageni: kioo kikianguka usikidake. Nyanyua mikono, rudi nyuma, kiache kife. Siku moja niliiona kwa macho yangu. Bamba refu kunipita liliteleza kwenye fremu likamwendea kifuani. Mikono yake ikapanda mpaka masikioni, akarudi nyuma hatua moja, bamba likapita mbele ya pua yake na kusambaa sakafuni kwa kishindo. Maharage yangu yote yalimwagika. Yeye akasema, "Pole, mama," akachukua ufagio. Uso wake ulikuwa uleule wa mtu anayesubiri chai ipoe.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Binti yangu siku hiyo hakwenda kazini, alikuwa uani anaanua nguo. Mwenyekiti alipanda kigoda, kutoka kwenye kigoda akapanda meza ya kukatia, ambayo ilikuwa tupu. Baba yake alikuwa karibu naye kabisa, anapangusa almasi kwa kitambaa. Mtoto akanigeukia mimi.

"Bibi, simama!"

"Bibi magoti yanauma, Mwenyekiti. Kikao kiendelee nimekaa."

"Simama nimesema!" Akapiga mguu chini, akarudi nyuma kwa kisirani, meza ikamwishia.

Nilimwona baba yake anamwona. Macho yao yalikutana, hilo naweza kuliapia. Mikono yake ikapanda mpaka masikioni. Akarudi nyuma hatua moja.

Mtoto akapita mbele yake, akaanguka kwenye saruji.

Binti yangu alikuwa ameshafika mlangoni nyuma yangu na lundo la nguo kifuani. Aliona yote. Nguo zikaanguka, akaniruka, akapiga ukelele ambao sijausikia tena. Fundi alikuwa bado amesimama mikono juu, anatazama sakafu huku na huku, kana kwamba anatafuta vipande vilikorukia. Halafu akashusha mikono, na akawa mtu wa maana kuliko sisi sote.

"Usimnyanyue kwa mkono huo," akamwambia mkewe, sauti ya chini. "Mama, lete shuka. Shika kichwa hivi. Hivyo hivyo."

Alimfunga mtoto bega kwa ile shuka, akatoka, akarudi na gari. Hospitali wakakuta mtulinga umevunjika, mfupa ule wa chini ya shingo, na mdomo umechanika kidogo. Daktari alimsifu. Alisema hajaona mzazi aliyemfunga mtoto vizuri namna ile. Wengi wanafika wamepagawa, wamezidisha madhara. Binti yangu akamwangalia daktari, akamwangalia mumewe.

Tulipobaki wenyewe pale kwenye benchi la ukumbini, akasema, "Ulirudi nyuma."

"Nilirudi."

"Alikuwa hapa." Akanyoosha mkono, akamgusa mumewe kifuani. "Ungenyoosha mkono tu."

"Najua."

"Kwa nini, baba Mwenyekiti?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli anapoulizwa. "Mwili ulirudi," akasema.

"Na roho yako je? Yenyewe ilikwenda wapi?"

Akainuka akaenda kuuliza dawa zinatolewa dirisha lipi.

Mfupa wa mtoto huunga haraka. Fundi alizungushia meza sponji na kuikaza kwa misumari midogo, akakipeleka kigoda kwa jirani, akatia komeo kwenye mlango wa karakana. Kila jioni alimpaka mwanawe mafuta begani, taratibu, bila kumuumiza. Ukimtazama kwa nyuma ungesema ni baba aliyevunjika moyo. Ukimtazama kwa mbele ungeona anapaka mafuta.

Binti yangu alisubiri. Alikuwa hasubiri jambo kubwa. Nilimsikia mara nyingi kwenye ukuta wetu mwembamba, kabla ya kwenda kazini, akimbembeleza kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji.

"Sema tu iliuma."

"Ilimuuma yeye."

"Wewe je?"

"Ikiniuma mimi itasaidia nini? Mfupa umeshaunga."

"Itanisaidia mimi!"

Kisha mlango wa karakana, na almasi kwenye kioo.

Akaanza kukonda. Pale dukani kwa dobi akawa haangalii tena tamthilia, anageuzia televisheni mgongo. Siku moja akaniambia, "Mama, nikilala naye naona kama nimelala kwenye benchi la kituo. Mtu yupo pembeni, lakini anasubiri gari jingine." Nilimwambia avumilie, mwanamume ni mtoto. Akasema, "Huyu si mtoto. Angekuwa mtoto angelia."

Basi tukamwita Redio tukae kikao. Tulikaa wanne tu, chumba cha nyuma, mtoto amelala. Binti yangu akasema lake kwa kifupi: anaondoka na mwanawe kuja kwangu, kwenye nyumba yangu ya zamani, na haondoki kwa hasira. Anaogopa. Anamwogopa mtu ambaye hajui ndani mwake kuna nini.

Redio alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akavua viatu, akakunja miguu kwenye mkeka.

"Hakuwahi kuwaambia habari za kaka yetu," akasema.

"Dada," fundi akasema.

"Nyamaza. Umenyamaza miaka yote, sasa nyamaza vizuri." Akatugeukia. "Baba yetu naye alikuwa fundi vioo. Kaka yetu alikuwa anajifunza kwake, kijana mkubwa, ameanza ndevu. Huyu alikuwa mdogo, shule ndiyo anaanza. Bamba liliteleza, kaka akalidaka. Lilimkata hapa." Akaonyesha ndani ya paja. "Baba alikuwa ng'ambo ya chumba. Akampigia huyu kelele: usiguse, mikono juu, rudi nyuma! Akatii. Akasimama ukutani, mikono juu, kaka anaisha mbele yake. Watu walipoingia, wakambeba kaka, wakambeba na baba maana alizimia. Mimi nilirudi kutoka dukani nikamkuta huyu bado kwenye ukuta. Mikono juu. Hakuna aliyemwambia ashushe."

Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Subiri, sijamaliza. Baada ya mazishi baba alimpa ufagio afagie vile vioo. Akafagia vyote, akamwaga, akanawa. Hakutoa chozi. Wazee waliokuwa pale wakamshika kichwa, mmoja baada ya mwingine: huyu ndiye mwanamume, mmemwona? Mimi niliyekuwa nagaragara chini nikaambiwa namtia baba aibu. Huyu akapewa kiti akae na wakubwa." Akamgeukia binti yangu. "Walimpa kiti, wifi yangu. Kwa sababu hakulia. Unategemea atainuka saa ngapi?"

Mle chumbani ukawa unasikia pumzi za mtoto. Mimi nikajua yamekwisha, yaani yamekwisha vizuri. Niliamini kidonda kikishaonekana mtu anatibika. Binti yangu naye aliamini, niliona uso wake unafunguka, machozi yanamtiririka bila kuyapangusa. Akasogea kwa magoti mpaka mbele ya mumewe, akamshika mikono yote miwili, akaishusha mapajani kwake kana kwamba ilikuwa bado juu.

"Pole," akasema. "Pole, mume wangu. Sikujua."

"Ilikuwa zamani," akajibu.

"Ulikuwa mtoto."

"Ndiyo."

"Ulimpenda kaka yako?"

Akafikiri. Niliona anatafuta kwa bidii, mboni zinakwenda huku na huku, kama mtu aliyetumwa kitu chumbani akafika asikumbuke alifuata nini. "Alikuwa mtu mzuri," akasema mwishowe.

Mikono ya binti yangu ikalegea.

Redio akaruka. "Haya, mimi nakuuliza, tena mbele ya mama mkwe wako. Unataka mkeo abaki au hutaki?"

"Yeye anataka nini?"

"Nimekuuliza wewe, bwana!"

"Kama anaona kule ni salama zaidi kwa mtoto," akasema taratibu, "basi ni kweli, ni salama zaidi. Hapa pana vioo."

"Jibu swali!"

Alifungua mdomo. Naapa alifungua. Ukakaa wazi kidogo, ukajifunga. Akanyanyuka, akasema anakwenda kutafuta gari la kubebea vitu, kwa sababu madereva wazuri huwahi kuchukuliwa.

Gari lilikuja asubuhi. Dereva alikuwa amefiwa na mke, mtu mnene wa kelele, anasalimia mpaka kuku. "Shikamoo mama! Huu ndio mzigo? Nilidhani mnahama, kumbe mnakwenda pikiniki!" Hakuna aliyecheka, akajikohoza. Fundi alipakia kila kitu mwenyewe. Godoro chini, sanduku pembeni, sufuria ndani ya beseni zisigongane. Alikaza kamba, akaitikisa, hakuridhika, akaifungua akaikaza upya. Binti yangu alisimama kando anayatazama yale mafundo yakifungwa. Ukimwona ungedhani anahesabu nafasi zilizobaki za mumewe kusema neno.

Mwenyekiti, akiwa amepakatwa mbele, akatoa kichwa dirishani. "Baba, panda."

"Nina kazi ya dirisha leo."

"Panda nimesema!"

Baba yake, ambaye hakuwahi kumkatalia, alishika ukingo wa mlango. Vidole vikawa vyeupe. Kisha akasukuma mlango ujifunge vizuri, maana haukuwa umekamata, akapiga bati mara mbili kwa kiganja, ishara ya kwamba dereva aende. Dereva ndiye aliyejipangusa macho.

Pale kwenye kona ya kuingilia barabara kubwa binti yangu akasema, "Simamisha. Nadhani nimesahau kitu." Tukasimama. Hakushuka. Alitazama kioo cha pembeni cha gari, na mimi nilijua anatazamia nini. Anatazamia mtu anakimbia, viatu vimemtoka. Mtaa ulikuwa na mwanamke anamwaga maji na mbwa amelala. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa nusu, kama siku zote za kazi.

"Nini umesahau, dada?" dereva akauliza kwa upole.

"Hakuna. Twende."

Kwangu tuliishi vizuri, ukiuliza majirani. Fundi alileta mahitaji ya mtoto bila kukosa, anaacha kwa jirani anaondoka. Binti yangu akapata kazi kwa dobi mwingine. Hakulia tena. Mwanzoni nilishukuru, nikadhani amepoa. Halafu nikaanza kuona anapiga pasi vile vile mumewe alivyokuwa anakata kioo: mara moja, harudii, macho hayapo. Ukimuuliza anajisikiaje anakujibu kwamba shati limekauka.

Na siku moja uani kwangu Mwenyekiti alianguka kutoka kwenye ngazi ya mlango, goti likachubuka vibaya, nyama nyeupe inaonekana. Nikakimbia na magoti yangu haya. Mtoto hakulia. Alikaa, akaliangalia goti, akanitazama mimi, akanyanyuka mwenyewe. Majirani wakashangilia: "Mtoto jasiri huyo! Kama askari!" Mmoja akampa peremende.

Nilitaka kuwapokonya ile peremende. Nilimkumbatia mjukuu wangu nikamwambia, "Lia, Mwenyekiti. Lia kidogo, bibi yupo." Akanipigapiga mgongoni, kunituliza. Siku hizo alikuwa ameacha kutuamuru.

Yule dereva alizidi kuja. Mara ameleta mkaa, mara anapita tu. Ni mtu wa kulia kwenye mpira, kulia kwenye harusi, kulia akisimulia mkewe marehemu, kisha anacheka palepale. Alipomwomba binti yangu ndoa, nilimuuliza binti kama anampenda. "Mama, huyu namjua alipo," akanijibu. Sikuona furaha usoni mwake, wala huzuni. Talaka ilishatoka siku nyingi; fundi alikuwa ameikubali bila neno. Wakaoana, wakahamia mji mwingine mbali, ambako dereva alipata kazi kwenye kampuni ya mabasi, na mtoto wakamchukua.

Nikaona si haki mtu asikie habari hiyo kwa wapita njia. Nikaenda mwenyewe.

Karakana ilikuwa safi kama zamani. Alinipa kiti, akakifuta kwanza. Aliniambia, "Shikamoo, mama," akaniletea maji, akaendelea na kazi maana kioo kilikuwa mezani tayari. Alikuwa amezeeka ghafla, nywele za pembeni zimegeuka. Sponji ilikuwa bado imezunguka meza, imeanza kuchakaa.

"Binti ameolewa," nikasema. "Na yule dereva. Wamehama jana, na mtoto."

Mkono wake ukasimama juu ya rula.

"Dereva yule anaendesha vizuri," akasema.

"Nimekuambia wamehama, baba. Hawarudi."

"Nimesikia, mama."

"Mwanao sasa akianguka halii. Nimekuja kukuambia na hilo. Sikukuambia ili nikuumize. Sina pengine pa kulipeleka."

Aliweka almasi chini. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaiweka mezani imelala kama glavu zisizo na mtu. Nikangoja. Nina subira, nimelea wengi. Nje watu walikuwa wanapita, mwingine akabisha akauliza kioo chake kama tayari, na hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

"Dada aliponiuliza," akaanza. Shingo yake ilikuwa inafanya kazi kama ya mtu anayepandisha kitu kizito kutoka kisimani. "Siku ile ya kikao. Aliniuliza nataka nini."

"Alikuuliza."

"Nilikuwa nalo jibu, mama. Lilikuwa hapa." Hakuonyesha popote. Uso wake ulikuwa mkavu vilevile, macho yapo kwenye zulia, na sauti ilikuwa ya chini kiasi kwamba niliinama kuisikia. "Nilitaka mbaki. Wote. Hata wewe."